Milango mingapi, antivoli ngapi: mwongozo kamili wa kupanga kazi ya wiki kwa hesabu

Mwenye atelye ya kuchomelea vyuma hapa Lubumbashi, iwe komuni ya Katuba, Kenya au Kamalondo, Jumatatu asubuhi ana maswali mawili. Wiki hii nitengeneze nini? Na nikipata kapesa ka ziada, nikaweke wapi? La kwanza hulijibu kwa mazoea: mlango una faida kubwa kuliko antivoli ya dirisha (vyuma vya kuzuia wezi), basi tupige milango. La pili hulijibu kwa lawama: kazi haziishi kwa sababu kijana ni mmoja, tutafute wa pili.

Utafiti wa operesheni ni elimu ya kujibu maswali kama hayo kwa kalamu. Jina hilo lilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasayansi walipotumwa kuangalia rada mpya itumike vipi jeshini, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia likaenea hadi misafara ya meli na kuwinda nyambizi. Wanafunzi wa uchumi na uhandisi huipata chuoni ikiwa imejaa alama za kutisha. Wengi hufaulu mtihani wake bila kujua kwamba ingeweza kumsaidia mjomba wao mwenye karakana. Sehemu ya msingi inahitaji kujumlisha, kuzidisha na kuchora mstari ulionyooka, basi.

Nitaifuata atelye moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Bei na saa nilizoweka ni za mfano. Wewe weka zako.

Kwanza: unaamua nini?

Chukua karatasi uandike vitu ambavyo viko mikononi mwako kuamua, na hivyo tu. Bei ya chuma haiko mikononi mwako. Mvua ya Januari haiko. Idadi ya milango utakayotengeneza wiki hii iko, na idadi ya antivoli pia. Hivyo viwili ndivyo vigeu vyetu: milango tuiite x, antivoli tuziite y.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukimuuliza mtu anataka kuamua nini, atakuambia "nataka kupata zaidi". Hilo ni tamanio. Uamuzi una kipimo na muda: vipande vingapi, kilo ngapi, safari ngapi, kwa siku au kwa wiki. Kama huwezi kuweka "ngapi" mbele yake, bado hujafika.

Pili: lengo liwe moja, na liwe faida

Usiandike mauzo. Mlango wa bei kubwa unaweza kula chuma chote ukakuachia kidogo. Chukua bei ya kuuzia, toa chuma, vijiti vya kuchomelea, rangi, bawaba, kufuli na usafiri wa kuufikisha kwa mteja. Kinachobaki ndicho unachokiandika. Tuseme mlango mmoja unaacha dola 45, na antivoli moja dola 25. Lengo letu basi ni kuifanya jumla hii iwe kubwa iwezekanavyo:

45x + 25y

Kodi ya nyumba na posho ya kijana usivitoe hapa. Utavilipa hata ukikaa wiki nzima ukinywa chai, kwa hiyo havibadilishi uamuzi wa wiki. Vitoe mwishoni, ukitaka kujua kilichobaki mfukoni. Watu wa hesabu za biashara hubishana sana juu ya jambo hili, na nimeona mipango mizuri ikitupwa kwa sababu mtu aliigawa kodi juu ya kila mlango hadi milango yote ikaonekana ya hasara.

Tatu: vizuizi, yaani kile kinachokubana

Atelye yetu ina vizuizi vitatu.

Umeme. Mashine ya kuchomelea na ya kukatia havifanyi kazi bila umeme, na kwa kukatikakatika kwake tuseme kwa wiki unapata saa 30 za kazi mchana. Mlango unakula saa 3, antivoli saa 2.

Pesa ya vifaa. Jumatatu una dola 550 za kununulia chuma na vinginevyo. Mlango unameza dola 70, antivoli dola 30. Pesa hurudi wateja wakilipa mwisho wa wiki.

Mikono. Kupima, kunyoosha, kupiga msasa na kupaka rangi havihitaji umeme. Kijana mmoja, siku 6, saa 8: jumla saa 48. Mlango unamchukua saa 5, antivoli saa 2.

Kwa hesabu inakuwa hivi:

3x + 2y isizidi 30 (umeme)
70x + 30y isizidi 550 (pesa)
5x + 2y isizidi 48 (mikono)
x na y zisiwe chini ya sifuri

Mstari wa mwisho usiupuuze. Kompyuta haijui kwamba hakuna milango hasi. Usipoiambia, inaweza kukushauri utengeneze milango hasi kumi ili kuokoa chuma.

Kila kizuizi kiwe na kipimo kimoja pande zote mbili: saa kwa saa, dola kwa dola. Hapa kwetu, ambako chuma unakinunua kwa dola na rangi kwa franka, badilisha kila kitu kuwa sarafu moja kwa kiwango cha siku ile, kabla ya kuanza.

Nne: chora

Vigeu vikiwa viwili, karatasi ya miraba inatosha. Mhimili wa chini uwe milango, wa kusimama uwe antivoli. Kwa kila kizuizi tafuta nukta mbili tu. Umeme wote ukienda kwenye milango, 30 gawanya kwa 3, unapata milango 10. Ukienda wote kwenye antivoli, unapata 15. Unganisha 10 ya chini na 15 ya juu kwa rula. Mstari wa pesa unatoka 7.86 chini hadi 18.33 juu. Wa mikono unatoka 9.6 hadi 24.

Sasa angalia eneo lililo chini ya mistari yote mitatu. Humo ndimo mipango yote inayowezekana inapokaa. Na utaona jambo: mstari wa mikono uko nje kabisa, hauligusi hilo eneo popote. Yule kijana anayelaumiwa kila siku hazuii chochote. Kwa umeme huu na pesa hii, kuongeza wa pili ni kuongeza mtu wa kukaa kwenye ndoo akisubiri umeme urudi.

Ili kupata mpango bora, chora mstari wa faida yoyote, kwa mfano dola 225: unatoka milango 5 chini hadi antivoli 9 juu. Lalisha rula juu yake, kisha isogeze taratibu kwenda juu kulia bila kuipindisha. Kila unavyosogea faida inapanda. Nukta ya mwisho rula inayoigusa kabla ya kutoka nje ya eneo ndiyo jibu, na karibu kila mara ni pembe, pale mistari miwili inapokatana. Kwa hiyo huhitaji kujaribu maelfu ya mipango. Jaribu pembe tu:

milango 0, antivoli 15: dola 375
milango 4, antivoli 9: dola 405
milango 7.86, antivoli 0: karibu dola 354

Milango 4 na antivoli 9. Hakikisha: umeme 12 + 18 = 30, umeisha wote. Pesa 280 + 270 = 550, imeisha yote. Mikono 20 + 18 = 38, zimebaki saa 10.

Linganisha na mwenye atelye wa mazoea, yule wa "mlango una faida kubwa". Atapiga milango 7, zitambakia dola 60 za antivoli 2, na faida yake itakuwa 365. Amepoteza dola 40 kwa wiki bila kumwibia mtu wala kuibiwa. Kosa lake ni kuangalia faida kwa kipande, wakati kinachomwishia si vipande. Kwa kila saa ya umeme mlango unaleta dola 15 na antivoli 12.50, hapo mlango unashinda. Kwa kila dola ya chuma mlango unaleta senti 64 na antivoli senti 83, hapo antivoli inashinda. Kila bidhaa ina upande wake wa nguvu, ndiyo maana jibu ni mchanganyiko.

Tano: bei ya kivuli, sehemu yenye pesa

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Mpango wa milango 4 na antivoli 9 utakaa wiki moja, labda mbili. Kinachodumu ni kujua kila kizuizi kina thamani gani.

Jiulize: ningepata saa moja zaidi ya umeme, faida ingeongezeka kwa kiasi gani? Hicho ndicho kinaitwa bei ya kivuli. Njia rahisi ya kuipata ni kubadilisha 30 kuwa 31 na kutafuta pembe upya. Njia ya pili ni kutatua hesabu mbili kwa pamoja, moja ya mlango na moja ya antivoli. Saa ya umeme iwe na thamani p, dola ya vifaa iwe na thamani q:

3p + 70q = 45
2p + 30q = 25

Jibu: p ni dola 8, q ni senti 30. Mikono haimo, kwa sababu imebaki ya bure, na kitu kilichobaki bei yake ya kivuli ni sifuri. Hakikisha: saa 30 mara 8 ni 240, dola 550 mara 0.30 ni 165, jumla 405. Ni faida ileile. Si bahati, hesabu hizi hulingana daima.

Sasa zitumie. Jirani ana jenereta anayokukodisha. Mafuta na kodi yake kwa saa vikiwa chini ya dola 8, chukua. Ukinunua saa 5, umeme ukawa 35, mpango mpya ni mlango 1 na antivoli 16, faida 445 kabla ya kumlipa. Zimeongezeka 40, yaani 5 mara 8. Angalia pia jinsi mpango ulivyogeuka: umeme ukiwa mwingi unaacha milango unakimbilia antivoli, kwa sababu sasa pesa ndiyo inayobana zaidi.

Zamu yako ya likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) ikifika, au mtu akikukopesha dola 100 za vifaa kwa wiki, mpango unakuwa milango 8 na antivoli 3, faida 435. Zimeongezeka 30. Mkopeshaji anayetaka dola 20 juu ya zile 100 kwa wiki ni ghali, lakini bado anakuacha na 10. Anayetaka 40 anakufanya umfanyie kazi yeye. Bila hesabu hii, wote wawili wanaonekana sawa.

Bei ya kivuli ina mwisho wake. Umeme ukipita saa 36 na dakika 40, saa ya ziada haina thamani tena, chuma kimekwisha. Na pesa ya vifaa ikipita dola 675, kijana wako anaanza kuelemewa. Hapo ndipo mtu wa pili anapopata maana. Kwa hiyo swali "niajiri au nisiajiri?" halijibiwi kwa ndiyo au hapana, linajibiwa kwa kuuliza pesa na umeme vimefika wapi.

Mtu wa kwanza kuliona jambo hili kwa upana alikuwa Leonid Kantorovich, kule Leningrad. Mwaka 1939 alikuwa ametoa suluhisho baada ya kuombwa na watu wa kiwanda cha mbao za plaiwudi awasaidie kugawa kazi kati ya mashine zao, na ndani ya hesabu yake akakuta namba zinazoonyesha thamani ya kila kitu kilicho haba. Katika nchi ambayo bei zilipangwa na serikali, namba zinazojitokeza zenyewe hazikupokelewa kwa furaha. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. George Dantzig, Mmarekani aliyeibuni mwaka 1947 njia ya simpleksi ya kutembea kutoka pembe hadi pembe, aliachwa nje. Wengi katika fani hii hawajalisahau hilo.

Sita: vipande vizima

Tulibahatika, jibu letu lilikuwa 4 na 9 kamili. Ongeza dola 10 tu kwenye pesa ya vifaa, iwe 560, jibu linakuwa milango 4.4 na antivoli 8.4, faida 408. Hakuna Mama atakayenunua sehemu nne za kumi za mlango. Mtu wa haraka atakata mikia: 4 na 8, faida 380. Umeongezewa pesa na umepata kidogo kuliko mwanzo! Ilhali 4 na 9 bado inawezekana, inaleta 405 na kuacha dola 10 mfukoni.

Kwa hiyo usikate mikia kwa mazoea. Vipande vikiwa vichache, jaribu majirani wote wa jibu: panda hapa, shuka pale, hakikisha vizuizi, chukua bora. Vikiwa vingi, kuna njia ya kugawa tatizo matawi matawi na kuyaacha yasiyo na tumaini, iliyotolewa mwaka 1960 na wanawake wawili, Ailsa Land na Alison Doig. Kompyuta yako inayo tayari. Kwa magunia 3,000 ya saruji, kata mkia tu, hakuna atakayeona. Kwa malori mawili au matatu, usithubutu.

Saba: kompyuta

Bidhaa zikiwa tano na vizuizi vinane, karatasi haitoshi. Kwenye mashine nyingi za hapa menyu ni za Kifaransa, kwa hiyo nitataja zilivyo. Katika Excel, Solveur (chombo cha kutatua hesabu kama hizi) haionekani hadi uiwashe: Fichier, Options, Compléments, halafu uweke alama kwenye Solveur. Baada ya hapo iko chini ya Données. Katika LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka, iko chini ya Outils.

Panga ukurasa hivi. Seli B2 na C2 ni za x na y, ziache na sifuri. B3 na C3 ni faida, 45 na 25. Mistari ya 5, 6 na 7 ni vizuizi: B5 na C5 weka 3 na 2, B6 na C6 weka 70 na 30, B7 na C7 weka 5 na 2. Kwenye D5 andika =SOMMEPROD(B$2:C$2;B5:C5), uinakili hadi D7. E5 hadi E7 ni mipaka: 30, 550, 48. D3 iwe =SOMMEPROD(B2:C2;B3:C3), hiyo ndiyo faida.

Fungua Solveur. Lengo ni D3, chagua Max. Seli za kubadilisha ni B2:C2. Kizuizi: D5:D7 <= E5:E7. Weka alama kwenye chaguo la kutoruhusu namba hasi. Katika Calc limefichwa ndani ya Options. Chagua njia ya mstari (Excel huiita Simplex PL), bonyeza. Utaona 4, 9 na 405. Ukitaka vipande vizima, ongeza kizuizi cha aina ya "ent" kwenye B2:C2. Excel pia hukupa ripoti ya unyeti yenye bei za kivuli, lakini ukiweka vipande vizima ripoti hiyo haipatikani. Basi endesha mara mbili: kwanza bila "ent" upate bei za kivuli, kisha nayo upate mpango.

Ikikuambia hakuna suluhisho, vizuizi vyako vinapingana, kwa mfano umeahidi wateja milango 9 na pesa haitoshi. Ikikuambia faida haina mwisho, umesahau kizuizi. Makosa haya mawili ndiyo karibu yote utakayokutana nayo, na yote yako kwenye karatasi yako, si kwenye mashine.

Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler alitafuta chakula cha bei ndogo kabisa cha kumtosheleza mtu mmoja, akiwa na vyakula 77 na virutubisho 9. Kwa kukisia kwa akili alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Miaka miwili baadaye, ili kuijaribu njia ya Dantzig, makarani 9 wenye mashine za mezani walitumia jumla ya siku-kazi 120 na kupata dola 39.69. Leo kompyuta ndogo hujibu kabla hujainua kidole. Lakini angalia mlo wenyewe wa Stigler: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage, mwaka mzima. Hakuna aliyeandika kizuizi cha ladha, basi hesabu haikuijali. Antivoli zako ni vilevile: kama mtaani hazinunuliwi zaidi ya 6 kwa wiki na hukuandika, utapangiwa 9. Andika y isizidi 6, na kwa vipande vizima mpango unakuwa milango 5 na antivoli 6, faida 375.

Nane: kugawa mzigo

Aina ya pili inayofaa sana hapa ni kupeleka mzigo kutoka bohari hadi masoko, jambo ambalo Frank Hitchcock aliliandikia hesabu yake mwaka 1941. Tuseme una bohari mbili za unga wa mahindi: Kampemba magunia 120, Annexe magunia 80. Masoko yanataka: Kenya 90, Katuba 60, Ruashi 50. Usafiri kwa gunia, kwa franka:

Kutoka Kampemba: Kenya 800, Katuba 1,100, Ruashi 600
Kutoka Annexe: Kenya 900, Katuba 1,000, Ruashi 1,400

Kwa mazoea, soko kubwa huhudumiwa kwanza. Kenya inachukua 90 kutoka Kampemba, Ruashi inapata 30 zilizobaki, na 20 zake nyingine zinatoka mbali Annexe pamoja na 60 za Katuba. Jumla franka 178,000.

Badala ya kuuliza nani mkubwa, uliza nani ataumia zaidi akinyimwa bohari yake ya karibu. Kenya ikinyimwa Kampemba inaumia franka 100 kwa gunia. Ruashi inaumia 800. Basi Ruashi ipewe kwanza 50 zake zote kutoka Kampemba. Zilizobaki 70 ziende Kenya, na Annexe itoe 20 za Kenya na 60 za Katuba. Jumla franka 164,000. Bohari zikiwa mbili tu, kupanga kwa tofauti hizi kunakupa jibu bora moja kwa moja. Zikiwa tatu au zaidi, njia hii inakupa mwanzo mzuri, kisha Solveur imalizie.

Tisa: umeme wenyewe hauna ahadi

Mpaka sasa tumesema saa 30 kana kwamba mtu ametusainia karatasi. Kwa kweli wiki moja ni 24, nyingine 36. Endesha mpango kwa kila hali, kwa vipande vizima:

Saa 24: milango 6, antivoli 3, faida 345
Saa 30: milango 4, antivoli 9, faida 405
Saa 36: milango 0, antivoli 18, faida 450

Wanaoanza huona mipango mitatu tofauti na kukata tamaa. Tafuta kile ambacho hutakijutia. Katika hali mbili za kwanza, milango 4 na antivoli 3 zimo zote. Anza na hizo. Zinakula saa 18 za umeme na dola 370. Zile dola 180 zilizobaki ziweke, usinunue chuma cha kitu ambacho hujakiamua, maana chuma kikishakatwa kwa kipimo cha mlango hakirudi kuwa antivoli.

Ukishamaliza hizo, hesabu saa za umeme unazotarajia hadi Jumamosi jioni. Zikionekana kuwa 6 tu, nunua vifaa vya milango 2, dola 140, na umefika kwenye mpango wa saa 24 kamili. Zikiwa 12, nunua vya antivoli 6, dola 180, na umefika kwenye mpango wa saa 30. Zikija 18 kwa baraka, bado utatengeneza antivoli 6 na kupata 405 badala ya 450, maana milango 4 ulishaipiga na chuma chake kimekwenda. Hiyo dola 45 ni bei ya tahadhari yako. Kama wiki za saa 36 zinakujia mara nyingi kuliko za saa 24, bei hiyo ni kubwa mno, na utaanza na antivoli. Ili ujue, tundika daftari ukutani karibu na swichi, na kila umeme unapokuja na kukatika, andika saa.